Hoteli ya Kumficha Mkwe

Jumapili, 10 Agosti. Bumula.

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata dada yangu Joan: sijawahi kumwita weita. Nina miaka kumi na sita na sijawahi kuinua mkono hotelini nikasema jambo likasikika. Tulipoenda mashindano ya nyimbo na shule, niliagiza maharagwe kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu. Nikaletewa maini. Maini hunitapisha. Nikayala yote, nikasema asante. Hiyo asante pia hakuna aliyeisikia.

Sasa msiba wenyewe. Kesho Mama anaenda kliniki ya macho Kitale. Atatibiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tutalala kwa Senge, shangazi yetu, ambaye huuza mitumba sokoni na harudi nyumbani mpaka giza. Kwa hivyo chakula cha mchana ni hotelini. Kwa Dada Joan haiwezekani, ingawa nyumba yake iko hapo hapo Kitale. Kwetu mama mkwe hali kwa mkwewe. Hawashikani mikono, hawaangaliani usoni. Na mmoja kumwona mwingine akitafuna! Hiyo ni aibu ya kuzungumzwa kwenye matanga ya watu wengine.

Na Dada Joan hayuko. Ameenda mafunzo ya kazi Nakuru. Atakayetuendesha ni huyo huyo mkwe, shemeji Makokha, na pikapu yake, na binti yao Nabwile wa miaka mitatu.

Nabwile! Mtoto huyu akiwa karibu na kukhu yake, yaani bibi yake, Mama, hafungui mdomo mpaka huyo kukhu aonje na baba yake aonje. Wote wawili, kila sahani. Asipoona hivyo anafunga meno na kugeuka jiwe. Mwezi uliopita alikaa hivyo siku nzima, jioni akawa anatetemeka.

Dada Joan amepiga simu. Amesema kazi ni yangu: nitafute hoteli safi, yenye chakula cha mtoto, ambapo Mama na Makokha watakula karibu lakini hawaonani. Nikauliza kwa nini mimi. Mama, aliyekuwa ameegemea mlango kana kwamba hasikii, akaingilia. Ati si mimi ndiye nataka kuhamia kwa Joan nisome shule ya kutwa? Ati mtu asiyeweza kuagiza chai ataishije mjini? Nikiendesha wiki hii bila aibu, nahama muhula ujao. Nikishindwa, narudi bweni.

Bweni, ambako kila msichana wa kidato cha tatu husoma habari asubuhi mbele ya shule nzima! Zamu yangu ya mwisho nilizimia. Kusema kweli nilijilaza tu.

Siwezi kurudi. Nimefikiria mpaka nikapata jibu. Nguzo! Natafuta hoteli yenye nguzo nene.


Jumatatu, 11 Agosti. Kitale, kwa Senge.

Tulitoka mapema. Shemeji aligeuza kioo cha ndani cha pikapu kikaangalia paa, asije akakutana na macho ya Mama. Mama alikaa nyuma yake, leso kichwani mpaka kwenye nyusi. Wakitaka kusemezana wanamtumia Nabwile.

Mama akasema, "Nabwile, mwambie babako hii si ambulensi."

Shemeji akajibu, "Nabwile, mwambie kukhu nimesikia, napunguza."

Nabwile alikuwa amelala tangu tulipotoka Bumula. Hawakujali. Waliendelea kumtuma mpaka Kitale, kuhusu mvua, bei ya mbolea, na kama Joan amepiga simu. Mtoto anakoroma, ujumbe unafika.

Baada ya kliniki nikaongoza. Niliichagua hoteli moja karibu na stendi kwa sababu ukutani wamechora mtoto anayecheka akishika kijiko. Na nguzo walikuwa nayo. Nene, bana! Mama upande huu, shemeji upande ule, mimi na Nabwile katikati. Nilijiona injinia.

Huyo mtoto wa ukutani ndiye mtoto pekee waliyemfikiria. Kiti cha mtoto hakuna. Televisheni inapiga kelele za mpira wa juzi. Choo kina ufunguo, na ufunguo uko kwa mtu aliyetoka kidogo. Hata njegere wametia pilipili, nilisikia mtu wa meza ya pili akilalamika.

Weita akapita. Nikainua mkono. Ulipofika usawa wa sikio nikajikuna. Akapita tena. Nikajikuna upande wa pili. Mama alidhani nimeshaagiza. Shemeji alidhani Mama ameagiza, na hakutaka aonekane mlafi mbele ya mama mkwe. Wote wawili wakangoja kwa heshima kubwa sana. Nabwile akaizunguka nguzo akiripoti: baba hana chakula. Kukhu hana chakula. Halafu akaanza kula tishu.

Nilimwona Mama akinitazama kwa lile jicho ambalo halijatiwa dawa. Nikaona bweni. Nikaona karatasi ya habari na wasichana wote wamesimama mistari.

Nikamnong'onezea kwamba nimeona mende jikoni, mkubwa, tutoke haraka. Sikuwa nimeona mende. Jikoni kwenyewe sikuwa nimekuona.

Tukala mkate na maziwa kwenye pikapu. Mama ndani, shemeji nje amechuchumaa nyuma ya gurudumu, Nabwile akipokezwa dirishani, aonje huku, aonje kule. Tuktuk zikipita watu wanashangaa.

Mama akasema nina macho makali. Akamtuma Nabwile amwambie babake hivyo. Shemeji akajibu kwamba mulamwa, yaani mimi shemeji yake, ni mtu wa kutegemewa.

Mende asiyekuwepo amefanya kazi kuliko nguzo.


Jumatano, 13 Agosti. Kitale.

Nina akili! Nilikuwa nina akili. Ngoja nieleze.

Leo pale kliniki walimtia Mama matone ya kupanua mboni. Daktari alisema mpaka jioni ataona ukungu tu. Mama akatoka akinishika mkono, akimsalimia mlinzi kwa heshima kumbe ni mti.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Nguzo ya nini? Mama haoni! Shemeji akikaa meza ya nyuma, akanyamaza, akala polepole, Mama hatajua kama yuko Kitale au Kampala. Nabwile atawaona wote wawili na atakula. Nikamweleza shemeji pembeni. Akakuna kidevu. Akasema kwamba hilo ni jambo la kufanya mtu arudishiwe ng'ombe wake wa mahari. Nikamwambia Nabwile hajala vizuri tangu Jumapili. Akamtazama binti yake, mikono yake myembamba, akakubali.

Mama nilimwambia baba Nabwile ameenda kuongeza pumzi kwenye magurudumu.

Hoteli ilikuwa nzuri, ghorofani, pana kivuli na upepo. Wana uji wa mtoto, ndizi za kuchemsha na kuku asiye na pilipili. Nilijua kwa sababu vimeandikwa ubaoni. Lakini weita alikuwa kaunta, mbali, amenipa mgongo. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikajaribu tena.

"WEEEITA! KUJA HAPA!"

Si mimi. Ni Nabwile, amesimama juu ya kiti. Weita alikuja mbio akicheka. Akamwita bosi. Akamwuliza bosi anataka nini, na bosi akasema anataka kuku na ndizi na kijiko chake mwenyewe. Miaka mitatu! Bado anavaa nepi usiku! Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Chakula kikaja haraka. Mama akaonja. Meza ya nyuma shemeji akaonja, kimya, kama mwizi aliyemo darini. Nabwile akafungua mdomo. Akala. Akala tena. Nikahesabu matonge kama mtu anayetazama mechi dakika za mwisho. Mama akawa anasimulia, ati chakula kizuri, ati afadhali baba Nabwile hayuko, leo anaweza kushika paja la kuku vizuri kwa mikono miwili. Akalishika. Nyuma yake shemeji akafumba macho.

Ndipo Nabwile akatangaza kwa sauti ile ile ya kuitia weita: "Kukhu, baba amechukua paja kubwa kuliko lako!"

Mama hakugeuka. Paja lilibaki njiani kati ya sahani na mdomo. Akauliza polepole: baba gani?

Shemeji akainuka ili atoroke, akagonga meza, glasi ikaanguka. Mama akajifunika leso kichwa kizima, paja la kuku likiwa ndani pia. Nikasema kwamba ni baba wa mtoto mwingine, watoto humwita kila mwanaume baba. Nabwile akaanza kukataa. Nikamjaza ndizi.

Sijui kama Mama aliamini. Njia nzima hakumtuma Nabwile neno lolote. Jioni ameniuliza mara moja tu: gurudumu lilikuwa na shida gani? Nikasema msumari.

Amesema Ijumaa ndiyo mwisho. Macho yake yatakuwa wazi, na atajionea mwenyewe kama mimi ni mtu wa Kitale au mtu wa bweni.

Silali.


Ijumaa, 15 Agosti. Bumula, nyumbani.

Nitaandika yote.

Kliniki ilikwisha mapema, bila matone. Mama sasa anaona mpaka vumbi. Tukaanza safari ya kurudi, tukakubaliana chakula kitakuwa Bungoma mjini. Usiku nilikuwa nimekumbuka kitu: zile hoteli za Waislamu karibu na msikiti huwa na upande wa familia. Vyumba vidogo vyenye mapazia, ili akina mama na watoto wakae wakila bila kutazamwa. Mapazia! Watu hawa walishatatua shida yangu zamani na hakuna aliyeniambia.

Tulifika wakati wa swala ya Ijumaa. Mlango umerudishwa. Tukangoja kwenye pikapu, Nabwile akilia njaa, Mama akihema kwa pua, shemeji akiangalia mbele kama dereva wa rais. Swala ilipoisha watu wakamiminika, na mwenye hoteli akatufungulia. Anaitwa Zulekha. Niliona jina lake ukutani.

Sijawahi kuona mtu kama yule. Kabla sijafungua mdomo alishamwona Nabwile, akaleta kistuli kifupi, kikombe chenye masikio mawili na pilau iliyopikwa kando bila pilipili. Akatuonyesha pa kumnawisha mikono, bomba la chini la watoto. Choo kinang'aa. Nilikaribia kulia.

Nikapanga: Mama ndani ya pazia, mifupa ya mbuzi mbele yake. Shemeji nje ukumbini, mgongo kwetu. Kistuli cha Nabwile pale pale pazia linapoishia, jicho moja kwa kukhu, jicho moja kwa baba. Kukhu akaonja. Baba akaonja. Nabwile akala. Sahani ya kwanza ya amani wiki hii! Mama akaona joto, akavua kitambaa cha kichwa, akaushika mfupa na kuufyonza. Akaniambia bila kuniangalia kwamba ataniletea godoro langu Kitale yeye mwenyewe.

Kitale! Nilishajiona nimelala kitanda cha pembeni kwa Dada Joan.

Ndipo nikatoka kunawa, na kwenye meza iliyo kando ya bomba, katikati ya kelele za ukumbi, nikakutana na Zulekha akija kuongeza mchuzi. Akainama sikioni kwangu, sauti ya upole. Akauliza kama yule kaka wa nje ndiye baba wa mtoto. Nikatikisa kichwa ndiyo. Akauliza kama ni wa familia hii. Ndiyo. Akauliza basi mbona amekaa peke yake kama mgeni, wamekosana?

Hapo ningesema tu: huyo ni mkwe wa mama huyu, kwetu hawali pamoja. Maneno yote yalikuwepo. Yalikuwa yamejipanga kooni. Yeye pia angeelewa upesi kuliko mtu yeyote, ana mapazia! Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Mm."

Akanipiga bega akasema niache, hayo ataweza yeye. Akaenda. Nikamsikia akimwambia shemeji familia yake inamngoja ndani. Shemeji, mdomo umejaa, akasema hapana dada, nashukuru, niko sawa. Zulekha akasema wanaume wa siku hizi mnanuna hata mbele ya watoto! Akamnyang'anya sahani. Akaja nayo. Shemeji akaifuata sahani yake, akiomba, akifikiri inaenda meza nyingine.

Pazia likafunguliwa.

Mama, kichwa wazi, mfupa mdomoni. Shemeji, mashavu mawili ya pilau. Waliangaliana usoni. Miaka minne ya ndoa, hawajawahi.

Na haikuishia hapo! Zulekha akaweka sahani mbele ya Mama, akamsukuma shemeji kidogo begani, akasema, "Haya mzee, mwombe mkeo msamaha, mtoto anaona."

Mkeo!

Shemeji alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akageuka, akatazama ukuta, akabaki anautazama. Mama akavuta kitambaa cha meza, sahani zikalia, akajifunika nacho. Hakuna aliyesogea. Ni Nabwile peke yake aliyeendelea, maana wote wawili walikuwa wameonja mbele yake. Akamaliza sahani. Akaomba nyingine.

Tukapanda pikapu, tukauacha mji. Halafu Mama akauliza, sauti imekauka: ulimwambia nini yule mwanamke?

Sikufikiri. Nilisema nilimwambia wazi kwamba huyu ni mama mkwe wa yule. Nilimwambia mara mbili. Nilisema mpaka nikapiga meza, lakini ni mtu wa kiburi, hasikii la mtu.

Yule Zulekha aliyemletea mtoto wetu kistuli. Nikamwita wa kiburi.

Mbele, shemeji alikaza usukani.


Jumapili, 17 Agosti. Bumula.

Jana wazee walipigiana simu tangu asubuhi. Shemeji ametuma blanketi kwa Mama ili aibu ifunikwe. Mama amemrudishia kuku jike. Limeisha. Mama amelitandika blanketi kitandani na kila mara anapita kulishika, anasema ni zito. Wala hajalalamika tena.

Leo baada ya kanisa akaniita. Nikajua ni bweni. Nikajikaza nisilie.

Akasema nahamia Kitale!

Ati hoteli zilimshinda kila mtu, si mimi peke yangu. Lakini binti aliyepiga meza mbele ya mwanamke mgeni, mjini, kwa ajili ya heshima ya mamake, huyo si mtoto wa kufichwa bweni. Amewasimulia mpaka akina mama wa kanisa. Mmoja wao alinishika mkono nje ya mlango akaniita simba. Nikatabasamu. Ningesema nini?

Nikaruka mpaka jikoni. Kitale! Shule ya kutwa! Hakuna kusoma habari!

Halafu shemeji akapiga simu, Mama akaiweka kwa sauti kubwa mezani, akageukia ukuta ili asikilize kwa heshima. Shemeji ana rafiki, Ngige, anayefungua hoteli ya familia Kitale. Viti vya watoto, uji, bembea nje. Anatafuta mtu wa Jumamosi, msichana anayejua watoto wanakula nini na asiyeogopa watu. Shemeji amemwambia kwamba mtu huyo yuko, ni mulamwa wake. Nitahudumia meza. Na siku ya ufunguzi nitawakaribisha wageni wote, na kipaza sauti.

Mama akajibu ukuta kwamba nimekubali.

Ningeweza kusema ukweli hapo hapo. Sentensi moja tu: sikupiga meza, nilisema "mm". Nilifikiria hilo kwa muda wa kumenya viazi sufuria nzima. Nikafikiria Mama akirudi kwa wale akina mama kufuta simba. Nikafikiria Zulekha. Nikafikiria bweni.

Nikaanza kukohoa.

Ni vumbi la Kitale, nimemwambia Mama kwa mnong'ono. Limeshika koo, sauti imekwisha. Nimesoma kwamba inaweza kuchukua miezi. Naweza kusoma shule ya kutwa bila sauti, lakini weita asiye na sauti hakuna. Kipaza sauti kitapaza nini? Mpango huu hauna tundu! Ni bora hata kuliko ule wa pazia. Nimeshakohoa tangu viazi, mbavu zinauma vizuri.

Nyayo. Ni Mama, anakuja na kikombe, nasikia kijiko kikigonga. Anazungumza na mtu kwa simu. Anasema ndiyo, bwana Ngige, yuko hapa, utamsikia mwenyewe sauti yake ilivyo.

Yuko mlangoni. Karatasi hii chini ya godoro, nalala juu ya